Bisibisi ya skrubu za bunduki ya kuwindia

Ndugu, umeuliza kwa nini vichwa vya skrubu za bunduki ya mzee vinachubuka ukizifungua: kosa si la skrubu, ni la ncha ya bisibisi. Turnevisi (ndiyo bisibisi) nyingi tunazookota soko la mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi zimechongwa kama kabari: nene juu, nyembamba chini. Ukiitia kwenye mfuo, yaani mkato wa kichwa cha skrubu, inashika ukingo wa juu tu, ukikaza mkono inapanda, inaruka, kichwa kinachubuka. Unataka ncha ambayo pande zake mbili ziko sambamba hadi chini, ijaze mfuo bila kuchezacheza, na upana wake usizidi kichwa cha skrubu, la sivyo itakwaruza chuma cha pembeni.

Nimeyaona kwa baba mdogo, fundi mitambo wa siku nyingi. Yeye hanunui. Anachukua turnevisi pana ya zamani, anaisaga polepole kwenye jiwe, akiichovya majini kila mara. Ncha ikigeuka buluu, chuma kimeshalainika, anaanza upya.

Skrubu yenye kutu itone mafuta mepesi, uiache hadi kesho. Pini zinazoshikilia sehemu za bunduki zisukume kwa kijiti cha shaba (hapa kwetu haikosekani!), si kwa msumari.

Ila kabla ya yote fungua bunduki pale pa kutilia risasi, hakikisha kwa macho na kidole kwamba haina risasi. Na skrubu za ndani, za sehemu ya kufyatulia, mimi nisingezigusa. Hizo mpelekee fundi wa bunduki.