Maswali na Majibu: Porsche Iliyofumuliwa na Kusukwa Upya

SWALI: Ndugu mhariri, salaam. Nimesoma kwamba mwaka 1987 gari dogo la manjano lililoundwa na kampuni ya Kijerumani iitwayo RUF liliziacha nyuma Ferrari na Lamborghini za wakati ule, ilhali kwa sura ni Porsche 911 tu. Je, siri yake ilikuwa zile tabo mbili, yaani vifaa vinavyoshindilia hewa ndani ya injini? Na kama ndivyo, mwenye 911 Turbo alishindwa nini kuongeza shinikizo la tabo yake akapata kasi ileile?

JIBU: Ndugu msomaji, salaam nawe. Tabo zilikuwa na mchango mkubwa, lakini hazikuwa siri yenyewe. Gari unaloliulizia ni RUF CTR, lililoundwa Pfaffenhausen, katika jimbo la Bavaria, chini ya uongozi wa Alois Ruf, na jina la Yellowbird lilitokana na watu wa jarida la Marekani la Road & Track walipoiona rangi yake. Katika majaribio ya jarida hilo kwenye barabara ya Volkswagen huko Ehra-Lessien, lilifikia kilomita 339 kwa saa. Injini yake ilianzia kwenye ile ya lita 3.2 ya 911 Carrera, ambayo wakati huo haikuwa na tabo, yenye nguvu za farasi 231. Silinda zikapanuliwa hadi kipenyo cha milimita 98, ujazo ukakaribia lita 3.4, tabo mbili zikafungwa, na nguvu rasmi zikawa farasi 469.

Sasa naomba tupige hesabu pamoja, kwa sababu ndani yake ndimo limo jibu. Porsche 911 Turbo ya miaka hiyo ilikuwa na farasi 300 na ilifika takriban kilomita 260 kwa saa. Nguvu inayohitajika kuipasua hewa hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi, yaani ukitaka kasi mara mbili unahitaji nguvu mara nane. Kutoka 260 hadi 339 ni ongezeko la asilimia 30 tu, lakini nguvu zinazohitajika huzidi mara mbili, kwa hiyo gari lenye umbo la 911 Turbo lingedai farasi 600 na ushei ili kufika hapo. Hata tukipunguza kidogo kwa kuwa ukinzani wa matairi haukui kwa kiwango hicho, bado linabaki pengo ambalo farasi 469 haziwezi kuliziba. Pengo hilo lilizibwa na bodi.

Mafundi wa RUF hawakuichukua bodi pana ya 911 Turbo, ile iliyotuna juu ya matairi ya nyuma, bali waliichukua bodi nyembamba ya Carrera, ambayo hukutana na hewa kidogo zaidi. Ukipitisha kidole ukingoni mwa paa la 911 ya enzi hizo, kinazama katika mfereji mwembamba wa chuma uliowekwa ili kuzuia maji ya mvua yasimwagike mlangoni; kwenye CTR mfereji huo uliondolewa na chuma kikalainishwa, kiasi kwamba kidole hupita bila kukwama popote, na hewa nayo vivyo hivyo. Milango na vifuniko vikatengenezwa kwa alumini, na uzito ukashuka hadi karibu kilo 1,150. Uzito hauamui sana kasi ya mwisho, lakini huamua gari litaifikia upesi kiasi gani. Kwangu mimi, kazi hiyo ya bodi inastahili heshima kuliko hata injini.

Kuhusu kuongeza shinikizo tu, adui wa kwanza ni joto. Hewa inayoshindiliwa hupata moto, na mchanganyiko wa hewa na mafuta ukiwa na joto kupita kiasi hulipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda. Injini huanza kugonga, na ikiachwa iendelee kugonga pistoni hutoboka. Ndiyo maana CTR ilipewa vipoza-hewa viwili vya kuipoza hewa iliyoshindiliwa kabla haijaingia kwenye injini, plagi mbili kwa kila silinda, na mfumo wa Bosch wa kudhibiti mafuta na cheche uliotokana na magari ya mashindano ya Porsche 962. Halafu kuna gia. Giaboksi ya 911 Turbo ya wakati huo ilikuwa na gia nne tu, na kila ulipobadilisha, mizunguko ya injini ilianguka mbali na pale tabo inapofanya kazi vizuri, kwa hiyo RUF waliunda giaboksi yao ya gia tano. Breki nazo zikawa za Brembo, na ni lazima ziwe kubwa, kwa sababu gari linalosimama kutoka 339 hubeba nishati takriban mara 1.7 ya gari la uzito uleule linalosimama kutoka 260.

SWALI: Nawezaje kutofautisha RUF halisi na Porsche iliyobandikwa nembo?

JIBU: Anza na namba ya chesesi kabla hujatazama kitu kingine. Mwaka 1981 serikali ya Ujerumani iliitambua RUF kuwa mtengenezaji wa magari, hivyo magari iliyoyaunda kuanzia bodi tupu yana namba yake yenyewe inayoanza na W09, wakati ya Porsche huanza na WP0. Yapo pia magari ya wateja yaliyopelekwa Pfaffenhausen yakafumuliwa na kusukwa upya kwa vipuri vilevile, na haya hubaki na WP0. Hayo si bandia hata kidogo, lakini bei yake si sawa, na muuzaji asiyetaka kuizungumzia namba hiyo kabla ya malipo usimpe fedha. Kwa gari la WP0, dai hati za kazi iliyofanywa na uzilinganishe na namba ya injini iliyomo.

SWALI: Ninaishi Ujerumani na nina 911 Carrera ya 2016, ambayo tayari ina tabo mbili. Fundi ananiambia atabadilisha programu ya kompyuta ya injini kwa saa moja na nitapata nguvu nyingi zaidi. Niko salama kisheria?

JIBU: Bila ukaguzi, hapana. Chini ya kifungu cha 19 cha kanuni za magari za huko, StVZO, mabadiliko yanayoharibu kiwango cha moshi au kelele, au yanayoweza kuhatarisha watumiaji wengine wa barabara, huondoa kibali cha gari kutembea barabarani. Mwulize fundi kama programu yake ina hati ya kitaalamu inayotaja modeli yako na injini yako hasa. Kama anayo, peleka gari kwa wakaguzi kama TÜV, mabadiliko yaandikwe kwenye kadi ya gari, na uwaarifu watu wa bima kwa maandishi. Kama hana, mwambie asiiguse kompyuta hiyo, na fedha uliyotenga uitumie kwanza kwenye breki na matairi.