Maswali yenu: nani aliua korosho, na mengine

Ni kweli Operesheni Vijiji, ile ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya Ujamaa Tanzania, ndiyo iliyoua korosho? (Msomaji, Masasi)

Swali hili nalijibu kila msimu, na kila msimu nasomwa nusu. Mwaka 1973/74 tulivuna karibu tani 145,000; kufika 1986/87 zilibaki kama 17,000. Ndiyo, watu walihamishwa, na mkorosho ulioachwa mwendo wa saa mbili nani ataupalilia? Lakini bei nayo ilikuwa ya kutupa. Mkulima akapiga hesabu, akaona heri alime muhogo. Juu ya hayo ukaja ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Shika ua la mkorosho mwezi wa Julai: utadhani limemwagiwa unga wa sembe, na ua la namna hiyo halizai. Dawa yake salfa, ipulizwe alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo umelala.

Mikorosho ilisusiwa, haikufa. Miaka ya 1990 mavuno yalipanda tena, mengi yakitoka kwenye miti ile ile ya wazee. Wanunuzi binafsi walisaidia, sikatai. Ila wanaoimba kwamba soko huria peke yake ndilo lililofufua zao, waniambie salfa ilitafitiwa na nani pale Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo Mtwara. Na watafiti wa serikali!

Babu aliuza mahindi Sumbawanga kwa bei moja na mkulima wa Morogoro. Kwa nini utaratibu ule ulifutwa?

Kwa sababu gharama ya lori ilibebwa na NMC, shirika la umma lililonunua na kusaga nafaka, na NMC ikazama kwenye madeni. Mfanyabiashara halipii umbali wako, anaukata kwenye bei. Ruzuku ya mbolea nayo ikaondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, basi Nyanda za Juu Kusini wakabanwa huku na huku. Barabara ilitakiwa itangulie.

Mbona China walibadili mfumo wa kilimo wakavuna papo hapo?

Nafaka zao zilitoka tani milioni 305 mwaka 1978 hadi 407 mwaka 1984, kweli. Kaya zilipewa mashamba kwa mkataba. Lakini mifereji, mbegu bora na viwanda vya mbolea walikwisha kuvijenga enzi za komuni, yaani mashamba ya pamoja, na serikali iliendelea kununua sehemu ya mavuno. Msinakili ukurasa mmoja.

Korosho kilo bei gani leo?

Hapa si mnadani. Uliza chama chako cha msingi. Na kama kuna mtu amekuja usiku na bakuli badala ya mizani, hiyo ni kangomba, ulanguzi haramu wa korosho, nawe unajua.