Namba 764,568: ivunje kwanza, maswali baadaye

Ukiulizwa 764,568 ina vigawo vingapi, usianze kuviorodhesha kimoja kimoja. Utachoka, na vingine vitakuponyoka. Ivunje kwanza hadi ibaki vigawo tasa vitupu. Ukishavipata, maswali mengi kuhusu namba hiyo hugeuka kuwa kazi ya kuzidisha tu.

Anzia mkiani. Kwa kuwa 1,000 hugawanyika kwa 8, tazama tarakimu 3 za mwisho peke yake: 568 ni 8 × 71, basi namba nzima inagawanyika kwa 8. Inabaki 95,571, ambayo ni witiri, kwa hiyo 2 imekwisha. Jumla ya tarakimu zake ni 27, basi 9 inaingia, inabaki 10,619. Jumla ya hizi ni 17. 3 nayo imekwisha. 5 haiingii. 7 inaingia mara 1,517 bila baki.

Hapa ndipo wengi huanguka. 1,517 inakataa 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29 na 31, na mtu aliyechoka huandika kwamba ni namba tasa. Usiandike hivyo kabla ya kufika kwenye kipeuo cha pili. 39 × 39 ni 1,521, kwa hiyo kipeuo kiko chini kidogo ya 39, na imebaki namba tasa moja ya kujaribu: 37. Hiyo inaingia mara 41.

Kwa kweli namba iliyo chini kidogo tu ya mraba kamili ina njia fupi zaidi, nami naipenda kuliko kugawanya. 1,521 kutoa 1,517 ni 4, yaani 2 × 2. Basi 1,517 = (39 − 2) × (39 + 2). Tofauti isipokuwa mraba kamili, panda hadi 40 × 40, na kuendelea.

Sasa tunayo: 764,568 = 2³ × 3² × 7 × 37 × 41. Hakiki kwa kuzidisha upya: 72 × 7 = 504, na 504 × 1,517 inakurudisha ulikoanzia.

Idadi ya vigawo: ongeza 1 kwenye kila kipeo, kisha zidisha. 4 × 3 × 2 × 2 × 2 = 96. Hiyo 1 ni lazima, maana 2 inaweza kutumika mara 3, 2, 1 au isitumike kabisa. Ukiisahau utapata 6, ilhali 1, 2, 3, 4, 6, 7 na 8 tayari ni vigawo 7.

Jumla ya vigawo vyote: (1+2+4+8) × (1+3+9) × 8 × 38 × 42 = 2,489,760. Namba yenyewe imo humo. Ukiitoa inabaki 1,725,192.

Ukitaka kuifanya mraba kamili, tazama vipeo witiri tu. Zidisha kwa 2 × 7 × 37 × 41, yaani 21,238, upate mraba wa 127,428. 3 usiiguse, kipeo chake tayari ni shufwa.