Mfuatano wa kuwaka katika Ford 302

Ndugu, ikiwa Mustang yako ya 1968 yenye injini ya Ford 302 inarudisha moto kwenye kabureta tangu ibadilishiwe nyaya za plagi, nashuku kwamba fundi alifuata mpango wa kuwaka kwa silinda wa V8 (injini ya silinda nane) ndogo ya Chevrolet, yaani 1-8-4-3-6-5-7-2, ambayo rota yake (kipande kinachozunguka ndani ya distribyuta na kugawa umeme kwa plagi) huzunguka kufuata mwelekeo wa saa. Yako hufuata 1-5-4-2-6-3-7-8, na rota huzunguka kinyume cha saa. Silinda 1 hadi 4 ziko kulia, anakoketi abiria katika magari ya Marekani, na 5 hadi 8 ziko kushoto. Fikisha pistoni namba 1 juu kabisa mwishoni mwa mgandamizo, utazame rota inaelekea tundu lipi la kifuniko cha distribyuta, kisha uanze kupanga nyaya hapo kwa waya wa silinda 1.