Mwewe, kibua na chenji ya mama

Wiki hii mmeuliza: kati ya mwewe na daiatomu, ule mwani mdogo wa baharini usioonekana kwa macho, nani mbabe? Nilicheka. Mbabe gani wa kutafutwa kwa hadubini?

Mwewe namjua. Nilikuwa na miaka tisa, Bagamoyo, mama kanituma mnadani ufukweni. Nikanunua vibua wawili, wakatungwa kwenye ukindu, nikashika njia mtungo ukining'inia mkononi kama mtu mzima. Sikumsikia akija. Nilihisi upepo shingoni, kisha mkono ukawa mwepesi. Kugeuka, huyo na mkia wake wa panda anapanda juu ya minazi, kibua mmoja kwenye kucha, wa pili akiyumba ukinduni. Yule wa pili akadondoka mchangani. Nikamkimbilia, paka akaniwahi. Kina mama wakaanga samaki walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nyumbani nikaeleza huku nalia. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na chenji je, mwewe kachukua pia?"

Chenji nilishanunulia ubuyu. Nilichapwa kwa ajili ya ubuyu, lakini moyoni hadi leo namlaumu mwewe.

Basi nilikaa niandike kwamba mwewe ndiye mbabe, hakuna mjadala. Aliyeniharibia hoja ni kibua. Huyu hula akiogelea mdomo wazi, matamvua yakichuja maji, na katika anavyonasa zimo daiatomu. Nilishaziona sekondari kwenye tone la maji ya bahari: visanduku vya kioo vyenye nakshi, kila kimoja na kifuniko chake. Kioo kweli, maana gamba lake ni silika, ileile inayotengenezewa kioo. Zinajitengenezea chakula kwa jua, na karibu asilimia 20 ya oksijeni inayotengenezwa duniani kila mwaka hutoka kwazo. Kumbe samaki niliyeporwa naye alikuwa ametoka kupora.

Haya, ushindi nampa daiatomu, lakini mniandikie kwa penseli. Mwewe wa mjini anakula vifaranga, panya na masalia ya jalalani. Daiatomu zikitoweka baharini, wa kwanza kulala njaa ni sisi wa pwani, si yeye. Halafu neno "mbabe" lenyewe halimkai daiatomu. Mbabe ni wa kupora, na huyu hajanipora kitu.

Samaki bado nambeba kifuani.