Sheria ya "mpaka wote tukubali" ilituacha na reki sita na nyumba zenye maji

Ndugu, umeandika kwamba kundi lenu la mazingira huko Mukuru limepitisha kuwa hakuna jambo litakalofanyika mpaka kila mwanachama akubali, kisha unauliza kama mchague mwenyekiti au mpokezane, na kama kura za WhatsApp zihesabiwe. Lifuteni azimio hilo kwanza, hata leo jioni. Hayo mengine yanaweza kungoja.

Sisi katika bonde la Mathare, hapa Nairobi, tulikuwa na azimio hilo hilo neno kwa neno. Januari 2024 tulikuwa tumechanga shilingi 46,000 za kuzibua mtaro wa uchochoro wetu unaomwaga maji Mto Mathare: vijana wanane, siku nne, reki, mabuti na lori la kuondoa taka. Mwenzetu mmoja akapinga, kwa hoja kwamba watu wanaotetea tabianchi hawawezi kukodi lori linalochoma dizeli. Tulikaa Jumapili tano juu ya lori hilo. Tulipokubaliana hatimaye kutumia mikokoteni, mwingine akapinga malipo ya wasukumaji, na tukaanza upya. Mimi ndiye niliyekuwa nikiongoza vikao kwa zamu yangu, kwa hiyo nichekeni taratibu. Kumbukumbu zangu za mikutano zilikuwa nadhifu kuliko mtaro wowote wa Nairobi.

Masika hayakuomba ridhaa ya mtu. Mwishoni mwa Aprili mto ulifurika usiku, na asubuhi niliwakuta majirani wakichota matope kwa sufuria, huku reki zetu sita zimeegemea ukuta wangu zikiwa bado na karatasi za bei. Najua mtaro mmoja usingezuia mto ule, lakini maji ya uchochoro wetu yangekuwa na pa kupitia. Pesa zilizobaki zikawa unga na blanketi, kisha ikaja amri ya serikali kwamba walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, na baadhi ya wachangaji wetu wakaondoka na mabati yao mgongoni.

Aliyetufundisha kungoja kila mtu akubali alikuwa mwezeshaji wa warsha ya siku mbili hotelini, mwenye kalamu za rangi nne, aliyesema kwamba pingamizi la mtu mmoja ni zawadi kwa kundi na kwamba ndivyo harakati za Uingereza zinavyoamua. Nilikula samosa zake nikaamini. Baadaye nilisoma mwenyewe na kugundua kwamba Extinction Rebellion, harakati ya kutetea tabianchi iliyoanza huko Uingereza mwaka 2018, hugawa mamlaka kwa maandishi: kila kikundi kidogo kina kazi yake, na katika kazi hiyo huamua bila kungoja wengine wote. Pale ridhaa inapotakiwa, haulizwi nani anapenda, bali nani anaona madhara kwa lengo la kundi, na anayepinga hudaiwa sababu. Dizeli ya siku moja dhidi ya mtaro ulioziba isingepita mtihani huo hata dakika tano.

Kwa hiyo andikeni nani anaamua nini, na kwa pesa kiasi gani, kabla hamjachanga hata shilingi. Hata maandamano yatawashinda msipofanya hivyo, maana sheria inataka polisi wapewe taarifa siku zisizopungua tatu na zisizozidi kumi na nne kabla, na kundi linalobishana Jumapili baada ya Jumapili hulikosa dirisha hilo likiliangalia.

Daftari letu sasa linasema kikundi cha mitaro kinaamua kazi ya mitaro na matumizi hadi shilingi 10,000. Februari 2025 mama anayekiongoza alikodi mikokoteni kwa simu moja akiwa anakaanga samaki, na yule mpinzani wa dizeli akasukuma mmoja mpaka mwisho wa uchochoro, akilalamikia magurudumu njia nzima.