Mvumo wa magurudumu: beringi imesingiziwa?

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina gari dogo la michezo, milango miwili, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Likifika kilomita 60 kwa saa linaanza kuvuma upande wa nyuma, na mvumo unapanda kadiri ninavyoongeza mwendo. Nikiweka nyutro uko vilevile. Kwenye lami mpya unafifia, kwenye lami ya kokoto unarudi. Fundi wangu alisema ni beringi ya nyuma kushoto, akaibadilisha. Mvumo haukupungua, tena sasa nikienda polepole nasikia mkwaruzo wa bati ambao zamani haukuwepo. Nibadilishe na beringi ya kulia?

JIBU: Marahaba. Ya kulia iache kwanza.

Ulipoweka nyutro na mvumo ukabaki, uliiondolea injini lawama. Difu nayo, yaani gia za nyuma zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili, ingebadili sauti ukikanyaga mafuta na kuachia. Zimebaki beringi na tairi, na hapo ndipo hilo la lami linaponivutia: beringi haijali lami mpya wala kuukuu, mpira ndio unaojali. Mimi nashuku tairi.

Lakini hakikisha. Tafuta barabara tupu yenye kona ndefu, uipite kwa mwendo wa kawaida. Uzito wa gari hulalia nje ya kona, kwa hiyo ukikata kulia, beringi za kushoto ndizo zinazobeba. Beringi mbovu mara nyingi huongeza kelele ikilemewa na kunyamaza ikipumzishwa. Usitegemee sikio pekee kujua upande. Magari haya yana bodi ngumu na springi fupi, sauti husafiri ikatokea isikoanzia.

Kisha weka kabari kwenye magurudumu ya mbele, achia handibreki, inua nyuma yote kwa jeki na uikalishe juu ya stendi. Inua yote mawili, maana gari nyingi za aina yako zina difu inayoyabana pamoja. Zungusha gurudumu taratibu kwa mkono mmoja, wa pili ushike springi. Beringi iliyokwisha utaihisi ikisaga vidoleni hata kama husikii kitu.

Sasa tairi. Usitazame ukingo wa nje, huo hudanganya. Magurudumu ya gari la michezo huinamishwa kwa ndani juu ili lishike kona, na ukingo wa ndani huliwa usikoona. Pitisha kiganja juu ya mpira, uende na urudi, ukiangalia usichomwe na nyuzi za waya. Kama upande mmoja ni laini na kurudi kunakwaruza kama meno ya msumeno, mwizi umemkamata. Chanzo huwa ni alaimenti, yaani mpangilio wa pembe za magurudumu, hasa magurudumu yanapotazama ndani au nje kupita kiasi.

Ushauri wa kuhamisha tairi za nyuma ziende mbele huenda usikufae. Mazda MX-5 hutoka kiwandani na saizi moja pande zote, lakini Porsche 911 za leo zina tairi pana zaidi nyuma, na hapo hakuna kubadilishana. Soma ubavuni. Na nikwambie mapema: alaimenti itazuia ulaji mpya, haitanyamazisha tairi iliyokwisha kuota meno. Hiyo itavuma hadi uitoe.

Mkwaruzo ni kesi nyingine, na nadhani ulizaliwa gereji. Nyuma ya diski ya breki kuna bati jembamba la kinga. Habu, yaani kitovu gurudumu linapofungwa, ikitolewa kwa nguvu, bati hupinda likagusa diski. Wakati mwingine ni kijiwe tu kilichonasa hapo. Bati hurudishwa kwa bisibisi, kazi ya dakika chache. Gurudumu likiwa bado wazi, tazama na unene wa pedi.

Nati za gurudumu lile zikazwe upya kwa spana yenye kipimo, kwa kiwango cha kitabu cha gari, hata kama fundi anaapa alizikaza. Ukisikia kugonga badala ya kukwaruza, au gari likianza kutikisika, simama hapohapo uzikague kabla ya kusogea tena.